Upande wa Nyuma wa Kadi

Lanet, Jumapili, 16 Machi 2025

Mvua ya kwanza imenyesha leo saa nane mchana. Imenyesha kwa dakika kumi na moja, kisha ikakata. Naianza shajara hii kwa sababu mbili, na ninaziandika mapema ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba zilikuwa nyingine.

Ya kwanza ni ya kazi. Mchapishaji mmoja wa Nairobi amenikabidhi sehemu ya saba ya faharasa ya Kiingereza kwa wanafunzi wa sekondari. Sehemu hiyo inakusanya maneno yanayotaja vitu viwezavyo kujulikana au kueleweka: "knowable", "legible", "audible", "intelligible" na jamaa zake. Kila neno lipewe maelezo ya Kiswahili, na mpaka kati yake na jirani yake uchorwe wazi. Yanatakiwa mwisho wa Mei.

Ya pili ni ya nyumbani. Jana Jepkemei, dada ya mke wangu Chepkurui, alikuja kutoka Mogotio. Alikaa sebuleni na Chepkurui saa mbili nzima wakizungumza, nami nikawapelekea chai na kuondoa vikombe kama mhudumu wa hoteli. Nilipomsindikiza langoni alisema, bila ukali:

"Shemeji, sikufichi. Dada yangu anakaa hapa kama mgeni. Mvua ikiisha nitakuja kumchukua."

"Hapa ni kwake," nikasema.

"Ni kwake, sikatai. Lakini ataongea na nani?"

Nina msimu mmoja wa mvua wa kutafuta jibu.

Jumanne, 18 Machi

Niandike jambo la Februari, kwa kuwa yote yanatoka pale.

Chepkurui alipatwa na kiharusi Jumapili ya tarehe tisa, tukijiandaa kwenda kanisani. Mkono na mguu wa kulia vililegea. Asubuhi ya pili yake hospitalini alianza kutoa sauti, ya chini, midomo ikiwa imevutwa upande mmoja. Niliinama nikasikiliza. Sikupata hata neno moja. Fomu ilikuwa na nafasi ya kueleza usemi wa mgonjwa, nami nikaijaza kwa mwandiko wangu wa ubaoni: "unintelligible". Usioeleweka.

Saa tano muuguzi aitwaye Cheptanui alikuja kubadilisha shuka. Alisimama ghafla, shuka mkononi, akasikiliza, kisha akanigeukia.

"Mzee, ni nani ameandika hapa kwamba mama haeleweki? Anaomba maji. Tena anaomba kwa heshima kabisa."

Chepkurui alikuwa akisema Kitugen, lugha aliyozaliwa nayo kule Baringo. Kiingereza na Kiswahili, ambavyo alivifundishia hisabati miaka thelathini na miwili, havijarudi hadi leo. Daktari anasema huenda vikarudi, huenda visirudi. Mimi, mume wake wa miaka arobaini na moja, ninajua katika Kitugen salamu na ahsante.

Alikunywa glasi tatu mfululizo. Nilizihesabu.

Alhamisi, 20 Machi

"Legible": kinachosomeka. Nimemaliza. Hakuna mvua.

Jumamosi, 22 Machi

Mtu akiuliza inawezekanaje kuishi na mke miaka arobaini na moja bila kujua lugha yake, jibu linaning'inia kwenye msumari, karibu na mlango wa jikoni. Ni kibao cha mbao, ukubwa wa kiganja, chenye kamba ya katani.

Shule tuliyofundisha karibu na Gilgil ilikuwa nacho, kama shule nyingi za wakati ule. Mwanafunzi aliyesikika akisema lugha ya kwao alivishwa shingoni, akakaa nacho mpaka amkamate mwingine katika kosa hilo hilo. Kilipochakaa, shule ilichonga kipya, nami nikaomba kile cha zamani. Tulipooana mwaka 1984 tulikitundika nyumbani kwetu na kuweka kanuni: humu ndani ni Kiswahili na Kiingereza. Atakayesema lugha ya mama yake atakivaa mpaka amkamate mwenzake.

Jinsi tulivyocheka! Nyumba ya walimu ilikuwa ya mabati na baridi ya Gilgil ilipenya kila tundu. Upepo ukivuma kutoka upande wa machimbo ya Kariandusi ulileta vumbi jeupe, nasi tukaandika majina yetu kwa kidole juu ya meza. Namwona Chepkurui akisonga ugali, kibao kikigongagonga vifungo vya sweta yake, huku ameliweka jiko la makaa makusudi njiani ili nijikwae. Nilijikwaa. Nikalia kwa Gikuyu. Akavua kibao kwa mkono wenye unga na kunivisha kabla sijamaliza kulia.

Niliiona kanuni ile kuwa haki kamili, kwa kuwa Gikuyu changu nacho kilibaki nje ya mlango. Miaka ya tisini, na tena mwanzoni mwa 2008, wakati wa ghasia za kikabila, lugha ya mtu katika bonde hili ilipokuwa inatosha kumfanya aulizwe kwao ni wapi, nilikitazama kibao kile na kujipongeza. Binti yetu Wangare alikua hana lugha ambayo mtu angeweza kumshitaki nayo.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua saa tisa hadi saa kumi na nusu. Nimempata mwalimu.

Kosgei ni sajenti mstaafu wa kambi ya hapa Lanet. Anafuga ng'ombe wanne na hutuletea maziwa kila asubuhi tarumbeta ya kambini ikishalia. Yeye ni Mtugen. Nilimweleza haja yangu nikiwa nimeshika kalamu.

"Mwalimu! Wewe umechapa watoto wangu miaka yote kwa sababu ya Kiingereza, leo unataka nikufundishe Kitugen?"

"Sikuwachapa. Niliwaandikisha sentensi."

"Walisema afadhali fimbo." Akacheka mpaka mtungi ukamwagika. "Sawa. Masharti yangu ni haya: hapa mimi ndiye mwalimu. Ukikosea, unakimbia mbio mpaka kwa lango na kurudi."

"Nina miaka sabini na moja, Sajenti."

"Basi utatembea haraka."

Neno la kwanza nililomwomba lilikuwa maji.

Jumapili, 30 Machi

Maneno kumi na manane. Nimetembea haraka mara sita.

Jumamosi, 5 Aprili

"Audible": kinachosikika. Hili liko wazi. Lakini "intelligible" linanikwamisha. Kamusi zote zinalieleza kama sifa ya kitu: maandishi yako hivi, usemi uko vile. Msomaji hatajwi. Anayesikiliza hatajwi. Usemi usipoeleweka, neno hili linamlaumu msemaji na kumwacha msikilizaji akae pale, amekunja nne, hana kosa. Nililitumia hivyo kwa miaka yote bila kuona. Nililitumia hivyo Februari.

Kila neno huliandika kwenye kadi yake; ya hili nimeiacha tupu.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua kutwa. Nilimwuliza Chepkurui kwa Kitugen kama anasikia baridi. Alinitazama kama mtu aliyesikia paka akitoa salamu. Kisha akajibu kwa maneno mengi, haraka, uso umechangamka, na sikupata hata moja. Alipoona hivyo aligeukia dirisha.

Ni afadhali nisingeuliza. Hapana: nalifuta hilo. Ni afadhali ningeuliza mwaka 1984.

Jumapili, 20 Aprili, Pasaka

Jepkemei amekuja na mursik, maziwa yao ya mgando, katika kibuyu. Wangare naye alikuja kutoka Nairobi. Wakati wa kula nilitaka kumwonyesha shemeji maendeleo yangu, nikaomba chumvi kwa Kitugen. Wangare akapiga makofi.

"Baba! Kibao!" akasema, akionyesha msumarini. "Si umevunja kanuni?"

Nikacheka. Jepkemei hakucheka. Aliweka kijiko chini.

"Hicho kitu bado mnacho?"

"Ni kumbukumbu tu," nikasema. "Tulikipenda sana sisi wawili."

"Shemeji, unakumbuka mama alipokuja kuwatembelea kule Gilgil? Mwaka wa themanini na sita, Wangare akiwa mchanga?"

Nilikumbuka. Mama mkwe alikaa siku tatu. Alikuja na kuku na unga wa wimbi.

"Mama hakujua Kiswahili. Chepkurui alikuwa akiongea na yeye, kwa sababu angeongea na yeye na nini? Na wewe ukamvisha hicho kitu. Siku tatu mama aliangalia msichana wake akipika na akinyonyesha mtoto na mbao imefungwa kwa shingo. Akauliza, ameiba nini? Dada akamwambia ni mchezo. Mama akasema, kama ni mchezo, mbona anavaa peke yake?" Akanywa maji. "Hakurudi tena huko. Nyinyi mlidhani ni mguu unamsumbua."

Kwa miaka thelathini na tisa nimeamini ni mguu.

Chepkurui alikuwa akifuata mazungumzo kwa macho. Sijui alielewa kiasi gani. Alinyoosha mkono wa kushoto na kunisogezea chumvi.

Jumatatu, 21 Aprili

Nilitaka kukiondoa kibao msumarini nikichome. Chepkurui aliniona, akatikisa kichwa. Nimekirudisha. Sijui anataka kibaki kwa nini, wala sina maneno ya kumwuliza.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimetembea haraka mara mbili tu. Kosgei asema nikiendelea hivi atanipandisha cheo niwe koplo.

Alhamisi, 1 Mei

Mvua kubwa. Barabara yetu imekuwa mto mwekundu.

Jumamosi, 3 Mei

Siku hii nitaiandika polepole.

Paa la chumba changu cha kazi limevuja. Nilikuta maji yakidondoka juu ya sanduku la kadi za zamani, zile tulizotengeneza Gilgil kati ya 1985 na 1988, nilipoota kwamba siku moja nitaandika kamusi kamili. Chepkurui ndiye aliyezikata. Alitumia makaratasi magumu ya maboksi ya chaki na rula ya ubaoni, na hakuna kadi hata moja iliyopinda. Mimi niliandika neno na maana. Yeye aliketi mkabala nami akisahihisha madaftari na kunipinga: "Hiyo maana yako haitoshi. Inaingiza na vitu vingine. Funga mabano yako vizuri." Nilimwambia neno si hesabu. Akasema ndiyo maana maneno yangu yanavuja.

Nina kanuni moja ya kazi ambayo sijawahi kuivunja: kadi huandikwa upande mmoja. Upande wa nyuma hubaki mtupu, mtu asije akapoteza kitu kwa kusahau kugeuza. Wanafunzi wangu wote waliijua kanuni hiyo.

Nilizitandaza kadi mezani zikauke. Wino ulikuwa umeanza kutawanyika, nikazilaza kifudifudi juu ya gazeti ili linywe maji.

Upande wa nyuma ulikuwa na maandishi. Ya penseli, madogo, yenye mstari mnyoofu chini yake, mwandiko ule ulioandika milinganyo kwenye ubao wa darasa la jirani. Nyuma ya "audible" palikuwa na neno la Kitugen, na chini yake sentensi fupi ya mfano, na chini ya sentensi maana yake kwa Kiswahili: Nasikia mvua inakuja kutoka upande wa ziwa. Nyuma ya "legible", neno na sentensi. Nyuma ya "visible", "known", "plain", neno na sentensi. Si zote. Labda sitini, labda zaidi. Sikuzihesabu, jambo ambalo si kawaida yangu.

Aliniandikia lugha yake yote hiyo ndani ya kanuni. Hakuitamka nyumbani; kanuni ilikataza kusema, haikukataza kuandika. Aliiweka mahali ambapo mkono wangu ulipita kila siku, nami kwa uangalifu wangu sikuigusa.

Nyuma ya kadi ya "intelligible" hapakuwa na neno la Kitugen. Palikuwa na Kiswahili tu, na tarehe: Muiruri, ukifika hapa, niambie. 14/8/87.

Nilikaa kwenye kiti. Maji yaliendelea kudondoka ndani ya sanduku tupu.

Jumapili, 4 Mei

Nilingoja Kosgei alete maziwa, kwa sababu niliogopa kwenda peke yangu. Niandike hivyo hivyo, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Chepkurui alikuwa barazani, blanketi magotini. Nilimpa kadi. Aliishika kwa mkono wa kushoto, akaitazama mbele, akaigeuza, akaitazama nyuma. Nilisema kwa Kitugen maneno niliyoyafanyia mazoezi tangu alfajiri: Nimefika.

Alinitazama. Kisha alisema jambo, sentensi mbili, upande mmoja wa mdomo ukitabasamu na mwingine ukikataa. Nikamgeukia Kosgei. Sajenti alikuwa amevua kofia.

"Anasema umechelewa," akasema. Akakohoa. "Halafu anasema, lakini yeye hakukuandikia saa."

Jumatano, 7 Mei

Ninafanya kazi kwa kadi zake. Kosgei ananisomea matamshi. Anasema mwandishi wa kadi hizi ni mwalimu bora kuliko yeye, na kwamba anajiuzulu kwa heshima.

Jumamosi, 17 Mei

Mvua asubuhi. Tulikaa barazani, Chepkurui na mimi, tukiitazama. Nilisoma sentensi ya kadi ya "audible". Akanisahihisha mara nne. Mara ya tano akasema mvua haitoki upande wa ziwa leo, inatoka upande wa Gilgil, na nilielewa. Nikageuza kichwa kutazama. Ilikuwa kweli.

Ijumaa, 23 Mei

Amenisimulia jambo la utotoni, kuhusu mbuzi na mchungaji wa kanisa. Nimepata nusu. Ameicheka nusu niliyoikosa.

Jumamosi, 31 Mei

Nimetuma sehemu ya saba. Chini ya "intelligible" niliandika: kinachoweza kueleweka na mtu aliyejitaabisha kukielewa.

Jumanne, 3 Juni

Maxwel, mhariri, amepiga simu.

"Mwalimu, kazi ni safi sana. Ni hapo tu, 'aliyejitaabisha'. Kamusi zingine hazina hiyo."

"Najua."

"Sasa tuikate?"

Nilifikiri. Yeye ana ukurasa wa kujaza na mtoto wa kidato cha pili ana mtihani wa kupita. "Kateni," nikasema. "Mimi ninayo."

Jumamosi, 14 Juni

Mvua imepungua. Siku nne hakujanyesha, na mahindi ya Kosgei yamepita kiuno. Jepkemei amepiga simu kusema atakuja Jumamosi ijayo na gari la mtoto wake.

Wangare yuko hapa. Baada ya chakula cha mchana tulikuwa watatu jikoni, Chepkurui akikunja vitambaa kwa mkono mmoja, polepole, kona juu ya kona. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza dada yake kwamba sababu ya kumchukua imekwisha: sasa yuko mtu wa kumjibu. Nilikuwa nimepanga hoja zangu kwa mpangilio.

Chepkurui aliacha vitambaa, akasema, wazi, bila haraka, akinitazama mimi.

Wangare akaniuliza: "Baba, Mama amesema nini?"

Nilielewa kila neno. Sikuhitaji kadi wala Sajenti. Alisema: Nataka kwenda kwetu na Jepkemei. Nataka kukaa mahali ambapo watu wengi wanaongea kwa wakati mmoja.

Niandike lililopita akilini mwangu, maana shajara isiyo na hilo haina kazi. Nilijua kwamba nikisema sijaelewa, Wangare ataamini. Jepkemei atakuja, nami nitasema tunaelewana vizuri, hataki kuondoka, na binti yetu atakuwa shahidi wangu. Miezi minne iliyopita nilisema sijaelewa, na ilikuwa kweli, na mtu alikaa na kiu. Safari hii ingekuwa uongo, na mimi peke yangu ndiye ningejua. Na yeye. Alikuwa akiningoja kwa utulivu ule ule aliongojea nao nigeuze kadi.

"Anataka kwenda kwao," nikamwambia Wangare. "Amechoka na kimya cha nyumba hii. Anataka kusikia watu wengi."

"Una hakika? Huenda umekosea."

"Sijakosea."

Kisha nilimwuliza Chepkurui kwa Kitugen, na sarufi ilinivunjikia mdomoni: Na mimi?

Alichukua fimbo yake, akainuka, akatembea hatua zile tano hadi mlangoni. Nilitaka kumsaidia, Wangare akanishika mkono. Alikitoa kibao msumarini kwa mkono wa kushoto. Akarudi. Nikainamisha kichwa, kwa sababu hakuweza kufika juu, naye akanivisha.

Nilikuwa nimesema lugha ya mama ndani ya nyumba. Kwamba alikuwa mama yake na si wangu, kanuni haikutofautisha.

Jumamosi, 21 Juni

Wameondoka saa nne. Kabla hajaingia garini Jepkemei alinitazama shingoni, uso ukaanza kukunjamana.

"Shemeji, hicho ni nini tena?"

"Nimekamatwa," nikajibu kwa Kitugen. "Ni dada yako."

Halafu alishika kamba ile kwa vidole viwili, akaigeuza, kama anayetafuta kuona imefungwa vipi. "Basi kivae," akasema. "Kivae siku tatu."

Chepkurui alipunga mkono wa kushoto mpaka gari lilipokata kona ya barabara ya Nairobi.

Jumapili, 22 Juni

Jua. Nyumba ina sauti ya friji. Vitambaa viko juu ya meza, vimekunjwa, hakuna hata kimoja kilichopinda.

Kosgei ameleta maziwa nusu ya kawaida, bila kuambiwa.

"Na hiyo kibao, Koplo? Utavaa mpaka lini?"

"Mpaka nimkamate mwenzangu akisema lugha ya mama."

"Na mwenzako siku hizi anasema hiyo peke yake."

"Ndiyo."

"Na yuko Mogotio."

"Naondoka Jumanne, ambayo ni siku ya nne. Sajenti, utanitazamia nyumba?"

Alisema atanitazamia, na kwamba nikirudi nitapewa mtihani. Nimekata kadi mia mbili leo asubuhi kwa rula ya Chepkurui ya ubaoni. Kadhaa zimepinda. Zote nitaziandika pande mbili.